Huku Hakuna Chakula

Kwapa, Alhamisi mchana

Amoit binti yangu,

Mambo ya sabuni, shuka na namna ya kumwamkia mkuu wa chuo umeshaambiwa na shangazi yako mpaka masikio yamekuuma, kwa hiyo mimi nayaacha. Sina subira nayo leo. Nimekutuma Buteba ukamuage shangazi makusudi, ingawa alikuja mwenyewe kukuaga Jumapili, ili nipate mchana mmoja wa kuandika bila wewe kunichungulia begani. Nimekaa mlangoni mwa jiko, daftari juu ya magoti, jicho moja kwenye wimbi la kusaga nililoanika uani. Mawingu yanajikusanya upande wa mwamba wa Tororo. Ukiona mwandiko umepinda, ujue niliinuka. Nimeshainuka mara mbili na bado sijasema kitu.

Kesho baba yako atakusindikiza mpaka stesheni ya Tororo, utapanda treni, na ikishavuka Nile pale Jinja utapita nchi uliyowahi kuishi. Hukumbuki, ulikuwa na miaka mitatu. Umeambiwa tulikwenda kule kutafuta ardhi, bibi yako akaugua huku nyumbani, tukarudi kumuuguza. Kila mtu hapa Kwapa anajua hivyo. Sivyo ilivyokuwa, na sitaki uipite nchi ile ukitazama dirishani na uongo wangu mkononi.

Wewe unakijua kisa cha Waisraeli jangwani kuliko watoto wote niliowafundisha shule ya Jumapili. Unakumbuka ulivyokuwa ukisimama juu ya benchi na kupiga kelele, "Mwalimu, hawa watu wana kichwa kigumu!" Wenzako wanaangua kicheko, nami nacheka nanyi. Bahari imepasuliwa mbele yao, wamepita wakavu, na muda si mrefu wanamlilia Musa kwamba huko Misri walikuwa na samaki na matango na vitunguu. Nilikuwa naigiza sauti zao kwa pua. Mlipenda sana sauti ile. Hamkujua kwamba ilikuwa sauti yangu mwenyewe.

Nikupe habari kwa mpangilio.

Mimi ni Msamia wa Lunyo, baba yako Mteso wa hapa. Tulionana soko la Busia, mimi nauza samaki wakavu, yeye anatafuta maksai wa kulimia, na lugha pekee tuliyokuwa nayo sote wawili ilikuwa Kiswahili: changu cha shule ya misheni ng'ambo, upande wa Kenya, nilikokaa kwa mjomba, chake cha kuswaga ng'ombe. Tumekulea kwa Kiswahili hicho, na mpaka leo nimeshindwa kumfundisha kusema "ninakwenda". Aliponioa ardhi ya babu yako ilikuwa imegawanywa kwa ndugu watano. Tulipata ukanda mwembamba kiasi kwamba maksai wakigeuka na plau wanakanyaga shamba la jirani. Kila msimu ugomvi wa mpaka. Mimi ndiye niliyelia kwanza. Mimi ndiye niliyemwambia baba yako, "Nitoe hapa, twende popote." Hili nilisahau haraka sana, kama wale watu walivyokumbuka vitunguu wakasahau matofali.

Akatutoa. Alisikia kwamba ng'ambo ya Nile, Buganda, mwenye ardhi anaweza kumpa mgeni kipande cha kulima na kujenga, wanakiita kibanja. Alitangulia peke yake, akafyeka, akarudi kutuchukua. Mimi nikakataa kuondoka bila jiwe langu la kusagia. Alinitazama, akalitazama jiwe. Alilibeba begani kutoka stesheni tuliposhuka mpaka kwenye kibanja, mwendo wa nusu siku, nawe nyuma ya mgongo wangu unaimba. Alipolitua alichukua udongo kiganjani akaufinyanga.

"Hii udongo, mama Amoit, hapana ona jiwe hata moja," akasema. "Hiyo yako peke yake."

Alikuwa anafurahi, mwanangu. Sijamwona tena akifurahi namna ile.

Basi jirani yetu wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Kiganda tuliyemwita Nalongo kwa sababu alikuwa na mapacha. Hakujua Kiswahili, mimi sikujua Kiganda. Siku ya pili alfajiri alikuja na mkungu wa ndizi mbichi kichwani, akautua, akacheka, akaenda zake. Siku ya tatu akaja na mwingine umeshapikwa, umepondwa, umefungwa kwenye majani, unafuka moshi. Kila siku. Hakuomba kitu. Na mimi kila siku nilikuwa nalitazama lile rojo la manjano na kusema, "Ni nini hii?"

Unacheka? Hilo ndilo neno walilosema Waisraeli walipoiona mana asubuhi ile ya kwanza. Nimewafundisha ninyi mara ngapi kwamba jina mana limetoka kwenye swali hilo? Mimi sikusema kwa mshangao. Nilisema kwa pua.

Unajua nyumbani kwetu mtu asipokula ugali hajala. Anaweza kula mihogo, viazi, mahindi, akatoka amevimba tumbo, ukimuuliza atakuambia bado hajala. Kule nilikula matoke, hizo ndizi zao, miezi saba na nikalala kila siku nikisema sijala. Wimbi tuliloenda nalo liliisha, jiwe langu likawa limekaa pale nyuma ya nyumba halina kazi, kuku wanapandia. Baba yako alikula kimya. Wewe ulikula kwa mikono yote miwili mpaka kwenye nyusi. Nyumba nzima Mwisraeli mwema alikuwa wewe peke yako.

Subiri, upepo.

Nimerudi. Nimekunja upande mmoja wa mkeka. Huenda mvua ikapita Malaba isitufikie.

Sikukatazi kunung'unika huko uendako. Utakutana na chakula kibaya, na kitanda kigumu, na wasichana watakaocheka Kiswahili chako, na jioni moja utataka kuja nyumbani hata kwa miguu. Nung'unika, mwanangu. Nimesoma vitabu vile mara nyingi nikitafuta mahali ambapo mana ilikatika kwa sababu ya manung'uniko, sijapaona. Walinung'unika na asubuhi wakaikuta chini. Ila kinachokuuma kiseme kwa jina lake. Mimi nilikuwa na upweke. Nilikuwa nataka mama yangu, na sauti za watu ninaowaelewa, na harufu ya samaki. Kama ningemwambia baba yako, "Nina upweke, nakufa," angejua la kufanya, angetafuta hata Msamia mmoja wa kuongea na mimi. Niliona haya. Nikasema njaa.

Baba yako hajui kusoma, hilo unalijua, wala hapendi lisemwe. Aliponiambia nimwandikie mdogo wake Ekisa alitamka maneno mazuri. Tumefika, tuko salama, ardhi ni nzuri, nimepanda mikahawa, mwaka ujao mje mtutembelee. Nikaandika yote. Chini nikaongeza langu, sikumsomea: "Huku hakuna chakula."

Nimekaa nje ya mlango, mikungu mitatu imeegemezwa ukutani nyuma yangu, naandika hakuna chakula.

Jibu lilikuja baada ya majuma kadhaa. Ekisa alikwenda kuandikiwa na mwalimu wa kanisa, kwa Kiswahili, ili mimi niweze kusoma. Baba yako aliacha jembe, akanawa mikono, akakaa kwenye kigoda kama mtu anayengoja kuhubiriwa. Nikaifungua. Nikaipitia kwanza kwa macho. Ilikuwa na furaha kutoka mstari wa kwanza. Ilisema ule ukanda wetu wa Kwapa ndugu wameshaugawana kwa kuwa sisi tumepata kwetu. Ndiyo kusema hakuna kurudi.

"Soma basi," baba yako akasema. "Nasema nini?"

Nikasema, "Mama anaumwa. Anaumwa sana. Wanasema uje upesi kama unataka kumkuta."

Maneno yalitoka tu. Nimejitetea hivyo miaka yote hii: yalitoka tu. Haruni naye alipoulizwa habari za ndama alisema nilitupa dhahabu motoni, akatoka huyu ndama. Nilikuwa nawachekesha ninyi kwa mstari ule pia. Ndama hatoki tu, Amoit. Kuna mtu aliyekaa akamchonga.

Tuliondoka siku ya pili yake. Aliacha mikahawa imefika magotini, aliacha pamba haijachumwa, nyumba imeezekwa upande mmoja. Nalongo alisimama njiani na mapacha wake, analia, hajui tunakimbia nini. Jiwe lilibaki. Njiani baba yako hakula, alikuwa anaomba kwa Kiteso, midomo inacheza, nami nimekaa karibu naye nikijua anachoomba hakipo.

Tulipofika bibi yako alikuwa uani anapepeta wimbi. Mzima. Amenenepa.

"Mbona mmerudi?" akauliza. "Nani amekufa?"

Baba yako alinitazama mara moja. Sijui kama uso wangu ulisema. Kisha akamwambia mama yake, "Nimekukumbuka tu, mama." Wala hakuniuliza kitu, siku ile wala nyingine. Jumapili mimi nikasimama kanisani mbele ya watu nikashuhudia kwamba mkwe wangu alikuwa mahututi na Bwana amemponya kwa maombi. Watu wakapiga vigelegele. Bibi yako aligeuka kwenye benchi ananitazama, mdomo wazi, maskini, anajaribu kukumbuka aliugua lini.

Kwa hiyo unajua sasa kwa nini tunaishi hapa penye mawe, kando ya kinamasi, ambapo kila masika maji yanaingia jikoni. Ndipo tulipopewa kwa kuhurumiwa. Ukiwa mtoto uliniuliza kwa nini baba anawalimia watu wote kwa maksai wake na sisi hatuna shamba la maana. Nilikujibu ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuhusika.

Barua sikuichoma. Nilimwambia baba yako imeanguka majini tulipokuwa tunateka maji. Iko ndani ya Biblia yangu, kwenye Hesabu, pale wanaposema tumchague mtu atuongoze turudi Misri. Kila nilipowafundisha sura ile nilikuwa naifungua kwa kidole gumba ili isidondoke mbele yenu. Waliambiwa mana isiwekwe mpaka kesho, na walioiweka waliikuta ina mabuu na inanuka. Mimi nimeweka miaka kumi na tano.

Na bado sijamaliza, kuna lako pia. Barua yako ya kuitwa chuoni, ile uliyouliza mbona ina unga? Mwalimu mkuu aliniletea siku kumi na moja kabla sijakupa. Niliitia kwenye chungu cha unga. Kila siku nasonga ugali nikichota juu yake. Nilitaka kukuambia hawakukuchukua. Sentensi yenyewe nilikuwa nimeshaitengeneza, tena nzuri. Siku ya kumi na moja nilikuwa natafuta somo la Jumapili, nikakuta katika Kumbukumbu la Torati kwamba kutoka Horebu mpaka ukingoni mwa nchi waliyoahidiwa ilikuwa safari ya siku kumi na moja. Siku kumi na moja tu! Wakazifanya miaka arobaini. Nikaenda nikatia mkono chunguni mpaka kwenye kiwiko.

Nilikuwa nimepanga hivi: niitie ile barua ya Ekisa ndani ya hii, nikuombe umsomee baba yako kesho stesheni, mkiwa mnangoja treni, mimi nikiwa mbali huku. Ndiyo sababu hasa ya kuandika. Sasa nimeyasoma haya yote kutoka juu, na naona ninakutwika jiwe la kusagia ulibebe mpaka Tororo. Alishalibeba mtu mmoja. Baba yako yuko nyuma ya ghala anatengeneza nira, namsikia akigonga. Naweka kalamu.

*

Nimerudi.

Nilisimama mbele yake na Biblia. Nikamwambia, "Baba Amoit, ile barua ya Ekisa haikuanguka majini. Nitakusomea." Aliacha kugonga. Alinawa mikono kwenye ndoo, akakaa kwenye kigoda, vilevile kama siku ile, na hapo ndipo nilipokaribia kukimbia.

Nikasoma. Kuna mahali Ekisa ananitania: "Shemeji, unasema huku hakuna chakula, na waliotoka huko wanatuambia ndizi zinaoza chini. Au ndizi si chakula?" Baba yako alitikisa kichwa kidogo. Nikasoma la ukanda kugawanywa. Halafu nikafika mwisho, mstari ambao, mwanangu, nimeuruka hata katika kukuandikia wewe. Bibi yako alikuwa amemwambia mwalimu wa kanisa aandike neno lake. "Mwanangu, nimesikia umepata ardhi isiyo na mawe. Nimefurahi, nimelala usingizi. Usirudi kwa ajili yangu. Panda, kaa, uzeeke hapo. Nimekubariki."

Bibi yako alikufa mwaka juzi. Hakujua kwamba neno lake halikufika, alidhani mwanawe amelisikia akarudi tu, naye baba yako hakujua kwamba lipo. Mimi nilimnyima mtu baraka ya mama yake nikaifungia ndani ya kitabu cha Mungu.

"Soma tena hiyo ya mama," akasema.

Nikasoma.

"Tena. Hapana ruka."

Nikasoma mara tatu. Mvua ikaanza, matone makubwa, na wimbi lote uani, na hakuna aliyeinuka. Tulikaa tukilitazama linalowa. Nilimwambia nipige, nitukane, sema kitu. Akanyoosha mkono akachukua barua, akaikunja, akaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo.

"Mimi nilijua mama hapana ugua," akasema. "Siku ile ile ya kufika nilijua. Lakini nilifikiri barua nasema mambo mbaya ya mimi, na wewe naficha. Nilifikiri ndugu wamenitukana. Miaka yote nafikiri hiyo."

Sikuwa nimewaza hilo hata siku moja, Amoit. Nililia kwa sauti, kuku wakakimbia. Hakunibembeleza. Aliinuka, akashika upande wake wa mkeka, mimi wangu, tukaingiza wimbi lililolowa ghalani. Kisha akasema kesho hatakuacha Tororo. Atapanda treni na wewe.

"Mpaka wapi?" nikauliza.

"Mpaka kule. Nataka kuona kahawa yangu kama ilizaa."

Nikamwambia watu wengine watakuwa wameshapewa, atakuta nyumba ya wenyewe. Akasema anajua, kuona si kunyang'anya. Nikauliza niwafungie chakula gani cha njiani.

Nikadhani sasa ndipo atakaponitukana.

"Ndizi," akasema.

Nimeshakata mkungu wa ile migomba ya kinamasini ambayo kwa miaka yote nimekuwa nikiwapa nguruwe. Nikimaliza kuandika nitamenya. Utakuta mikono yangu ina utomvu, usiniulize, utasoma mwenyewe.

Sikumuuliza kama atarudi. Swali lilikuwa mdomoni na nimelimeza, na nilidhani nikilimeza litatulia, halijatulia. Nazunguka uani na hakuna kazi iliyobaki uani. Nimemwoshea shati la pili bila kuambiwa.

Utaisoma barua hii ndani ya treni, na yeye atakuwa amekaa mbele yako, kofia juu ya goti, anatazama nje. Mkivuka Nile muombe barua iliyo mfukoni, umsomee neno la bibi yako. Wewe unasoma vizuri kuliko mimi, nawe hujawahi kuruka mstari. Akishuka, usimshike shati. Usimwambie mama atabaki peke yake. Wewe usishuke, treni yako inaendelea, chuo kinakungoja.

Naye kabla ya kushuka akitaka kuniandikia kwa mkono wako, andika anavyotamka, na hiyo "mimi nakwenda" yake usiisahihishe. Likiwa ni la kurudi au la kutorudi, nitakaa kwenye kigoda chake, nitanawa mikono, nitaisoma yote.

Mama yako